Mfereji Hauruki Mtu

Nilikuwa mpiga chapa kabla sijawa mtu wa kompyuta, na nalisema hilo kwa majivuno, maana kompyuta ilipofika ofisini kwetu Arusha wenzangu wawili walikataa hata kuigusa. Mmoja alisema inachoma macho. Mwingine alisema yeye atasubiri aone nani ataumia kwanza. Mimi nikavuta kiti nikakaa. Ndiyo tabia yangu tangu utotoni kule Kilimanjaro: kitu kikiogopwa na watu, lazima nikishike, halafu nikiungua nakilaumu chenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Mitumba imejaa sokoni, mashirika ya umma yanauzwa, watu wazima waliozoea mshahara wa mwezi wanapunguzwa kazi na kuanza kufuga kuku wa mayai. Shangazi yangu, niliyekuwa nakaa kwake Kimandolu, alikuwa mmoja wao, na kuku wake walikuwa na adabu kuliko mimi, kwa maneno yake mwenyewe. Kila kona ya mji kulikuwa na kibao cha kozi ya kompyuta, hata kwenye vyumba ambavyo kompyuta yenyewe ilikuwa bado haijafika.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa maji. Tulikuwa na vijiji viwili vya Mlima Meru: kimoja mashariki, juu ya Maji ya Chai, na kimoja magharibi ya mlima, kwa watu wanaolima na kufuga. Mkuu wetu, ambaye wote tulimwita Injinia, alikuwa kijana wa hapahapa nchini aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo na boksi la diskete. Ndani ya diskete hizo kulikuwa na programu ya ratiba. Unaiambia kazi zako zote, kipi kinatangulia kipi, nani atafanya na kwa siku ngapi, nayo inakuchorea mradi mzima kwa mistari mpaka siku ya mwisho.

Siku ya kwanza nilimpanga fundi mwashi wetu, naye alikuwa mmoja tu, ajenge tangi mashariki na tangi magharibi. Nikafungua ukurasa wa mahitaji ya watu. Juu ya jina la fundi mwashi nguzo ya mchoro ikapanda, ikapita mstari wa kikomo, ikawa nyekundu. Mashine ilikuwa inaniambia kwamba wiki ya tano nimemweka mtu mmoja mahali pawili, na mlima mzima katikati. Weee! Nilisimama. Miaka minne nimepiga chapa ratiba za namna hiyo, na siku zote tulikuwa tunaligundua kosa tangi likiwa limeshasimama nusu na fundi hayupo. Hii ilikuwa imeona jambo ambalo bado halijatokea. Nikaenda nje, nikautazama mlima, nikarudi ndani nikaitazama ile nguzo nyekundu tena. Sioni aibu kusema kwamba nywele zilinisimama.

Ila na yenyewe ilikuwa na ujinga wake. Ilizaliwa mahali ambapo Jumamosi watu hupumzika. Ikabidi niifundishe kwamba Jumatano na Jumamosi ni soko la Tengeru, humpati mchimbaji. Alhamisi ni msaragambo, kijiji kizima kinatoka na majembe kufanya kazi ya wote. Na ukitokea msiba, majembe yanalala mpaka mtu azikwe. Kulikuwa na mahali pa kuandika likizo, mahali pa kuandika msiba hapakuwepo. Nikaiandika misiba yote kama likizo. Mungu anisamehe.

Halafu Injinia akanifundisha kitu alichokiita chumo, na hapo ndipo nilipokwisha kabisa. Alisema hivi: "Dada, usiniambie watu wamefanya kazi siku ngapi. Niambie wamechuma nini. Mpango unasema hadi leo iwe imechimbwa kazi ya siku mia. Wakichimba ya siku themanini, chumo lao ni themanini, hata kama wamekaa kazini siku mia mbili. Gawanya chumo kwa mpango. Ukipata moja, mko sawa. Ukipata nusu, mna kesi."

Mashine haikuhesabu jasho, ilihesabu shimo. Niliipenda haki hiyo. Katika maisha yangu nilikuwa nimeona watu wengi wakilipwa kwa kuonekana wamechoka.

Sasa, kijiji cha mashariki. Maji ya upande ule yana madini yanayokula meno na mifupa. Mtoto anaota meno yakiwa na rangi ya kahawia, na wengine miguu inaanza kupinda wakiwa hata shule hawajaanza. Watu walikuwa wamepata chanzo juu, mpakani mwa msitu, kikapimwa, kikaonekana salama. Kati ya chanzo hicho na watoto kulikuwa na kilomita nne za mfereji ambao ulitakiwa uchimbwe kwa msaragambo, kina cha kiuno, ndipo sisi tulete mabomba. Mabomba tuliyokuwa nayo boharini yalitosha kijiji kimoja. Mengine yangekuja siku ambayo hakuna aliyeijua. Kijiji kitakachokuwa tayari kwanza ndicho kingepata, na kingine kingesubiri, na kusubiri maana yake watoto waliozaliwa mwaka ule wangeota meno kwa maji yaleyale.

Kila Ijumaa mwenyekiti wa kijiji cha mashariki alikuja ofisini kuleta taarifa. Mzee mrefu, koti la kijivu, buti za mpira, kofia mkononi. Gari letu la mradi lilikuwa bovu na fundi sanifu wetu alikuwa amekwama magharibi, kwa hiyo macho yetu ya mashariki yalikuwa ni huyo mzee tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za kazi?"

"Nzuri. Mfereji umefika wapi?"

"Uko palepale. Kwa mzazi."

"Mita ngapi kutoka kwenye chanzo?"

"Mia nne na kitu."

Nilidhani "kwa mzazi" ni jina la mahali, nami naandika: mia nne kati ya elfu nne. Wiki ya kwanza nikaandika, ya pili nikaandika. Wiki ya nne nikamwuliza kwa ukali kidogo, "Mzee, watu wako wanatoka kweli Alhamisi?" Akanitazama kwa mshangao. "Wanatoka wote." "Na mfereji?" "Uko kwa mzazi." Hakutingisha hata kope. Alipoondoka nikawaambia wenzangu kwamba watu wa kule ni wavivu na mwenyekiti wao ni mwongo mstaarabu. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu, na mashine ikaniunga mkono. Mstari wa magharibi ulikuwa unapanda vizuri. Mstari wa mashariki ulikuwa umelala chini kama nyoka aliyepigwa na baridi.

Baada ya wiki saba chumo la mashariki lilikuwa halifiki hata robo ya mpango. Injinia aliitazama karatasi niliyomchapia, akavua miwani.

"Mabomba yanakwenda magharibi," akasema. "Andika barua. Uipeleke mwenyewe, uwaeleze vizuri, wasije wakasema tumewaonea."

Basi nikaondoka alfajiri ya Ijumaa, nimuwahi mwenyekiti kabla hajashuka kuja kwetu, na barua kwenye mkoba, nikashuka Maji ya Chai, nikauliza njia, nikaanza kupanda kwa viatu vya ofisini. Shangazi alikuwa ameniambia nivae raba. Sikumsikia, na mpaka napita migomba ya kwanza kisigino kilikuwa kimeshaanza kunitukana.

Nilitarajia kutembea muda mrefu bila kuona kitu. Kwa mujibu wa kompyuta, mfereji ulikuwa juu kabisa, karibu na msitu, na chini yake hakuna kilichoguswa. Nikakata kona kwenye uzio wa shamba la kahawa, na nusura nitumbukie.

Mfereji. Kina cha kiuno, umenyooka, kuta zake zimekatwa safi mpaka unaona mizizi ilivyochongwa. Nikadhani ni wa kitu kingine. Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe, "Mama, hili ni shimo la nini?" Akacheka. "La maji. Wewe mgeni?"

Nikaufuata. Ukapanda nao mlima, ukapita katikati ya maharage bila kuyaponda, ukazunguka kaburi moja kwa heshima, ukashuka kwenye korongo na kutoka ng'ambo. Kila baada ya hatua kama ishirini kulikuwa na kijiti kimechomekwa ukingoni, na baada ya kijiti mkono wa mchimbaji ulibadilika. Hapa kuta laini kama zimepigwa lipu, pale pamechimbwa na mtu mwenye hasira, pale udongo umetupwa kushoto, pale kulia. Mahali pamoja palikuwa na jiwe kubwa kuliko meza yangu, nao walikuwa wamelipasua kwa moto na maji baridi, vipande vimepangwa pembeni. Nilikuwa napanda na kuhesabu vijiti. Nilipofika mia moja na kumi nikaketi ukingoni, miguu ndani ya mfereji. Mungu wangu! Kazi yote hii ilikuwapo, na katika mashine yangu ilikuwa sifuri. Wiki saba nimekuwa naandika sifuri juu ya watu hawa.

Mwenyekiti alinikuta hapo. Hakushangaa kuniona.

"Mzee," nikasema, hata shikamoo nikaisahau, "kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba mmechimba mpaka huku!"

"Hukuuliza tumechimba kiasi gani. Uliuliza mfereji umefika wapi." Akaketi karibu nami, polepole. "Mfereji haujafika huku, mwanangu. Maji yakiachiwa leo yatafika kwa mzazi yasimame. Ningekuambia umefika huku, ningekudanganya."

Akanieleza, na mimi nakueleza kama alivyonieleza. Siku ya kwanza kabisa waliugawa mfereji kwa kaya. Kila kaya hatua ishirini, kipande chake, kwa kura. Kila kaya inachimba kipande chake popote kilipo, juu au chini, kwa hiyo kazi ilianzia kila mahali kwa wakati mmoja. Vipande mia mbili na zaidi. Vilikuwa vimeisha vyote isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa juu, mita mia nne kutoka kwenye chanzo. Kilikuwa cha mwanamke ambaye mumewe alikwenda Mererani kutafuta tanzanaiti na hakuwa ameleta hata salamu. Mwanamke mwenyewe alijifungua wiki ileile kazi ilipoanza.

"Sasa si mngemchimbia?" nikasema. "Hatua ishirini, jamani! Ninyi watu mia mbili!"

Mzee akanitazama namna mtu anavyomtazama mtoto aliyetoa neno baya mbele ya wageni.

"Asiyechimba hana bomba," akasema. "Tulikubaliana hivyo wenyewe, ili wavivu wasije kunywa jasho la wenzao. Tukikichimba kipande chake, kesho kutwa mtu mwenye roho mbaya atasimama bombani amwambie, wewe toka, huna chako hapa. Na hana mume wa kumsemea. Kwa hiyo kipande tunamtunzia. Mfereji hauruki mtu. Akimaliza uzazi atakuja kukichimba."

Huko uzazi ni miezi mitatu. Mwanamke haguswi na jembe, anakunywa maziwa, analishwa mtori wa ndizi, anakaa ndani. Zilikuwa zimebaki wiki tano nzima. Na mimi nilikuwa na barua kwenye mkoba.

Nilimwambia yaliyomo. Sikuweza kumpa karatasi, nilimwambia kwa mdomo: mabomba yanakwenda magharibi kwa sababu ya namba nilizoandika mimi. Hakupandisha sauti. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kuandika upya kunawezekana. Nikasema nitajaribu. Akaniita nyumbani kwake, mkewe akaniletea loshoro, mahindi ya maziwa mgando, nikala kwa aibu, maana aliyekula jasho lao wiki saba kwa kalamu nilikuwa mimi.

Kabla sijashuka nikaomba kumwona mzazi. Mama mkwe wake alinisimamisha mlangoni, akanikagua toka viatu mpaka nywele, ndipo akaniruhusu. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya maziwa. Msichana tu, pengine mdogo kwangu kwa miaka mitano, mtoto kifuani. Aliposikia natoka mradi wa maji alijiinua kwenye kiwiko na uso ukambadilika.

"Dada, kipande changu kipo?" akauliza. "Hawajakichimba?"

Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sikuwa nimewahi kumwona mtu akiogopa kwamba kazi yake imefanywa.

"Kipo," nikamwambia. "Hakijaguswa." Akalala tena chini, akafumba macho.

Jumamosi nilifungua ofisi mwenyewe. Nikaufuta ule mstari mmoja ulioitwa mfereji, na mahali pake nikaanza kuandika vipande, kimoja kimoja, nikifuata daftari la kaya alilonipa mwenyekiti. Kila kaya mstari wake. Safu ya kazi, safu ya siku, safu ya nani. Umeme ulikatika mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa sijahifadhi. Nililia, nikaitukana mashine kwa Kichaga ili isielewe, nikaanza upya. Jumapili shangazi aliniona navaa nguo zisizo za kanisani.

"Leo tena? Hiyo kompyuta yako ndiyo imekufia msalabani?"

"Shangazi, nina watu mia mbili niliowasingizia."

Akanifungia mayai mawili ya kuchemsha. Kwake mayai yalikuwa mtaji, hayaliwi ovyo, kwa hiyo nilijua ameelewa.

Jumapili alasiri niliandika kaya ya mwisho nikabonyeza. Nilikuwa nimekaa peke yangu, mlango wazi, mlima umejaa dirishani bila wingu hata moja. Mistari ilianza kujaa kutoka juu kwenda chini, kaya baada ya kaya. Chumo likapanda, likakutana na mstari wa mpango, likaupita. Likaupita! Kijiji nilichokiita cha wavivu kilikuwa mbele ya ratiba. Katikati ya mistari yote hiyo iliyojaa kulikuwa na mmoja mtupu, mweupe, hatua ishirini. Nilikaa naitazama kompyuta kama mtu aliyefumaniwa. Nilikuwa nimeistaajabia kwa sababu inaona mbele. Sasa niliona kwamba ilikuwa imesimama muda wote ikisubiri mtu aiulize vizuri, na huyo mtu nilikuwa mimi, na sikuuliza.

Jumatatu nikampelekea Injinia, nikaungama kila kitu. Nilitegemea kufukuzwa. Aliisoma karatasi mara mbili, akaenda dirishani, akarudi.

"Hawa watu wamechimba kilomita nne kwa majembe ya mkono kwa wiki saba," akasema taratibu, kana kwamba anajisomea mwenyewe. Halafu akawa injinia tena. "Haya. Limebaki pengo moja. Ongeza vibarua wawili, siku mbili, tumemaliza. Weka sasa hivi nione."

Ilikuwa rahisi mno. Ningeandika "kibarua", ningeandika "mbili", na ule mstari mweupe ungejaa. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini?"

"Tukimchimbia, hana maji." Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna kichwa.

"Dada, mimi sijengi mila. Najenga bomba. Siwezi kuweka mabomba boharini mwezi mzima kwa ajili ya hatua ishirini wakati kule magharibi watu wanasubiri nao wana watoto. Lori linapakia Ijumaa saa sita mchana. Pengo likiwa limefungwa, linakata kwenda mashariki. Likiwa wazi, linakwenda magharibi. Na ukitaka, vibarua wapo."

Sikumchukia. Watoto wa magharibi nao walikuwa watoto.

Alhamisi nilipanda tena, safari hii na raba. Ilikuwa siku ya msaragambo na kijiji chote kilikuwa kimekusanyika kwenye kile kipande, maana mwenyekiti alikuwa amepata ujumbe wangu. Kumbe kilikuwa kizuri kukitazama: nyasi za kawaida, maua ya njano, na mfereji ukiishia ukutani upande wa juu na kuanza tena upande wa chini. Nikawaeleza mbele yao wote. Kesho saa sita. Wazee wakajitenga wakaongea Kimeru, muda mrefu. Mwishowe mwenyekiti akatoa neno kwa Kiswahili ili nami nisikie: mzazi akiletwa, akapiga jembe moja tu kwa mkono wake mwenyewe, kipande kimeshafunguliwa na mwenyewe, ni chake. Baada ya hapo wengine wanaweza kumpokea jembe.

Mama mkwe akaja juu. "Hamtoi mzazi nje mimi nikiwa hai! Tumbo bado limefungwa! Mnataka kumwua kwa ajili ya bomba?"

"Jembe moja, mama."

"Hata nusu jembe!"

Nilikuwa nimekubali kwamba tumeshindwa. Ndipo watu wakaanza kupisha njia. Alikuwa anakuja mwenyewe, amejifunga shuka mbili, kanga imekazwa tumboni, mtoto amembeba. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alimpa mama mkwe mtoto, na yule mama, na ukali wake wote, alifungua mikono akampokea.

Mwenyekiti akampa jembe. Akapiga moja. Watu wakashangilia, mzee akanyoosha mkono apokee jembe. Hakumpa. Akapiga la pili. Akapiga la tatu, la nne. Mama mkwe anapiga kelele, "Lete jembe, wewe mtoto, lete!" Akaendelea. Jasho likamtoka, akashikilia ubavu, akapumua, akapiga tena, mpaka akawa amesimama ndani ya shimo lake mwenyewe, usawa wa goti. Hapo ndipo alipoliegemeza jembe ukingoni na kuketi. Hapakuwa na anayeshangilia tena. Wanaume wenye ndevu walikuwa wanatazama miguu yao.

Kisha wakaingia. Sikuona nani alianza. Wake kwa waume, mashati yametupwa, majembe yanapishana, udongo unaruka, hakuna anayemwelekeza mwenzake. Nikasikia wimbo wa chini kwa chini, ukaniingia, na kabla sijajua nilikuwa na koleo mkononi. Jua lilikuwa bado liko juu ya migomba ukuta wa mwisho ulipobomoka, na pande mbili za mfereji zikaonana.

Nikatoa daftari. Programu inataka kila kazi iwe na wenyewe, na nilitaka kuwa mwaminifu safari hii, niandike kila mkono. Nikamwendea mwenyekiti aliyekuwa anajipangusa uso. "Nitajie majina, mzee. Wote waliochimba hapa leo."

Akaniwekea kiganja juu ya daftari.

"Funga, mwanangu. Sisi hatukuwepo."

Ijumaa saa nne nilikuwa mezani. Niliandika jina lake kwenye ule mstari mweupe, siku moja, imekamilika mia kwa mia. Mstari ukajaa. Lakini ukurasa wa mahitaji ya watu ukapandisha nguzo juu ya jina lake, ikapita mstari, ikawa nyekundu. Injinia alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hatua ishirini, kina cha kiuno, mtu mmoja, siku moja," akasoma. "Tena mzazi. Mashine inakataa, na mimi nakataa. Ulikuwepo wewe. Nani walimsaidia?"

"Hakuna mtu aliyekuwepo, Injinia."

Akaitazama mikono yangu juu ya vitufe, malengelenge yamepasuka. Kisha akaenda dirishani, akamwita dereva wa lori, akamwambia akate kwenda mashariki.